Namna ya Kumwachisha Kazi Karani wa Magunia: Mwongozo kwa Wafanyabiashara wa Himo

Kila tajiri wa mahindi pale Himo ana maradhi mawili: presha na karani. Presha ina dawa. Karani hutibiwa kwa kuajiri karani wa pili amchunge wa kwanza, kisha shemeji wa tajiri awachunge wote wawili, mpaka lori moja la Fuso linazungukwa na wanaohesabu wengi kuliko wanaopakia. Mwongozo huu unaleta tiba nyingine: kompyuta na programu ya mistari miwili. Umeandikwa kwa mtu ambaye hajawahi kuandika programu hata siku moja, ila amewahi kuibiwa.

Kabla hujaingia gharama, ujue kwamba serikali nayo ilipita njia hii. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku. Marufuku ilishaondoka siku nyingi. Karani bado yupo.

Vifaa

Kompyuta moja, hata iliyotumika, mradi kitufe cha mabano kinafanya kazi. Lugha ya Python, ambayo Mholanzi Guido van Rossum aliitoa kwa umma mwaka 1991 na inapatikana bure, jambo litakalomtia shaka dalali yeyote. Magunia 100 ya mahindi, yawe ya Kiteto, ya Kibaigwa au ya tambarare ya Moshi. Fuso moja. Wapakiaji wanaolipwa kwa gunia, ambao kwa sababu hiyo wanapenda hesabu iwe kubwa. Tajiri anayewalipa, ambaye kwa sababu hiyohiyo anapenda iwe ndogo.

Hatua ya 1: Mfundishe kuhesabu

Fungua Python, uandike hivi:

for gunia in range(1, 101):
    print(gunia)

Iendeshe, na namba zitashuka kwenye skrini kuanzia 1 hadi 100, moja chini ya nyingine, bila kuomba maji ya kunywa. Hii ndiyo lupu ya kihesabio. Mstari wa kwanza ni mkataba: unataja jina la kihesabio, ambalo hapa ni gunia, unasema kianzie wapi na kikomee wapi. Ile nukta pacha mwishoni inasema maelekezo yanafuata. Mstari wa pili ndio kazi yenyewe, nao umesogezwa ndani nafasi nne. Usidhani ni urembo. Kwa Python, kilichosogezwa ndani kinarudiwa kila mzunguko, na kisichosogezwa kinasubiri nje mpaka lupu iishe.

Lupu ya namna hii haikubuniwa kwa ajili ya mabingwa. Tarehe 1 Mei 1964, saa kumi alfajiri, siku tano tu baada ya Tanganyika na Zanzibar kuungana, maprofesa John Kemeny na Thomas Kurtz wa Chuo cha Dartmouth kule Marekani waliendesha programu ya kwanza ya lugha waliyoiita BASIC. Nia yao ilikuwa kila mwanafunzi, hata wa historia na fasihi, aweze kuiamuru kompyuta. Lupu ya kihesabio ilikuwamo tangu mwanzo, yenye mwanzo, mwisho na hatua ya kuruka. Kwa hiyo usiseme jambo hili ni la wasomi wa mjini. Lina umri wa Muungano, na kero zake ni chache.

Hatua ya 2: Poteza gunia moja kwa heshima

Msomaji makini ameshauliza: kama magunia ni 100, hiyo 101 imetoka wapi?

Katika Python, namba ya pili ni pale lupu inapogoma kuingia. Ukiandika range(1, 101), inaanza na 1 na kusimama kabla ya 101. Ukiandika range(1, 100), kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angeandika mara ya kwanza, utapata magunia 99. Kompyuta haitaonya. Haitawasha taa nyekundu. Itamaliza kazi kwa utulivu wa mtu aliyelipwa na upande wa pili.

Kosa hili la mmoja ndilo linalowapata waandishi wa programu dunia nzima kuliko makosa mengi ya kitaalamu. Faida yake kwa Himo ni kwamba sasa lina maelezo ya kisayansi. Zamani gunia likipotea, utingo alishukiwa papo hapo. Siku hizi utingo anaweza kusimama wima na kusema, “Bosi, ni ile mipaka ya range,” na tajiri akaogopa kuuliza zaidi.

Hatua ya 3: Gawanya kazi kwa makarani wawili

Ukitaka kuelewa kwa nini wataalamu walichagua desturi hii ya ajabu, waweke makarani wawili wa kawaida. Mwambie wa kwanza, “Wewe hesabu kutoka 1 mpaka 50.” Mwambie wa pili, “Wewe kutoka 50 mpaka 100.” Kisha lipa. Gunia namba 50 limehesabiwa na wote wawili, kwa hiyo umelipa upakiaji wa magunia 101 yaliyomo ndani ya gari lenye 100, na kila karani ana daftari safi la kuapia.

Sasa waandikie kwa Python: range(0, 50) kwa wa kwanza, range(50, 100) kwa wa pili. Wa kwanza anaishia 49, wa pili anaanzia 50. Hakuna gunia linalohesabiwa mara mbili, wala linalobaki yatima katikati. Na idadi ya kila mmoja unaipata kwa kutoa tu: 50 toa 0, 100 toa 50. Mholanzi mwingine, Edsger Dijkstra, aliandika waraka mfupi mwaka 1982 kutetea jambo hilihili: anza na sifuri, na mwisho usiuingize. Hoja yake haijapata jibu la maana mpaka leo, isipokuwa moja: jaribu kumwambia mpakiaji mwenye gunia begani kwamba hilo ni gunia la sifuri, halafu umweleze malipo yake.

Hatua ya 4: Ruka, na rudi nyuma

Karani wa daftari huchora vijiti vinne, kisha anavikata kwa kimoja cha mlalo, na hilo ni fungu la vijiti vitano. Python nayo inajua mafungu. Unaongeza namba ya tatu, ambayo ni hatua ya kuruka:

for fungu in range(5, 101, 5):
    print(fungu)

Utapata 5, 10, 15, mpaka 100. Kwa kushusha mzigo, hesabu kwenda chini: range(100, 0, -1) inaanza na 100 na kuishia 1.

Ukisahau ile -1, ukaacha range(100, 0), lupu itajiuliza namna ya kupanda kutoka 100 kwenda 0, itaona haiwezekani, na haitafanya lolote. Haitazunguka hata mara moja, wala haitatoa kosa. Programu itaendelea na mistari inayofuata kana kwamba mzigo umeshashuka. Taarifa itaonyesha kazi imekamilika. Wanaohitaji taarifa za aina hiyo tayari wanajua matumizi yake, kwa hiyo mwongozo hautaeleza zaidi.

Hatua ya 5: Jaribu kumhonga

Karani wa nyama na damu ana udhaifu mmoja unaofahamika: katikati ya kazi unaweza kumsogelea na soda baridi. Akirudi kwenye daftari, kijiti kimoja kimesahauliwa. Mjaribu na huyu wa Python:

for gunia in range(1, 101):
    print(gunia)
    gunia = gunia - 1

Umemnong'oneza ndani ya lupu apunguze moja kila anapohesabu. Anakubali. Anapunguza kweli. Halafu mzunguko unaofuata unapoanza, anachukua namba inayofuata kwenye orodha iliyopangwa mwanzoni, na hila yako inafutika. Bado ni 1 hadi 100. Orodha ilifungwa pale mstari wa kwanza uliposomwa, na kilichosemwa ndani hakiigusi.

Si kila lugha ina msimamo huu. Katika C, kwa mfano, ukipunguza kihesabio ndani ya lupu unaweza kukizungusha palepale mpaka umeme ukatike. Kwa hiyo unapochagua lugha ya programu kwa biashara ya Himo, usiangalie mwendo kasi. Angalia tabia.

Hatua ya 6: Weka sifuri mahali pake

Kuhesabu magunia ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kilo. Tengeneza chungu cha jumla:

jumla = 0
for gunia in range(1, 101):
    uzito = float(input("Kilo: "))
    jumla = jumla + uzito
print(jumla)

Kila gunia likipimwa, input inakusubiri uandike kilo zake, float inazigeuza kuwa namba, nazo zinaongezwa kwenye jumla. Angalia nafasi ya mistari. Jumla inaanza na sifuri mara moja tu, nje, kabla ya lupu. Mtu asiyejua, au anayejua sana, ataisogeza ile jumla = 0 ndani. Hapo kila gunia jipya litafuta yote yaliyotangulia, na mwisho wa siku programu itatangaza kwa uaminifu kamili kwamba Fuso lote limebeba kilo 98, yaani uzito wa gunia la mwisho. Ni mstari mmoja uliosogezwa nafasi nne, na tani tisa na ushei hazina mwenyewe.

Mkaguzi akifika, atasoma kila neno na kuona liko sawa, kwa sababu maneno yako sawa. Wizi umefanyika kwenye nafasi tupu.

Hatua ya 7: Usiichanganye na konda

Kuna lupu nyingine, ile isiyotaja idadi bali sharti: endelea mpaka jambo fulani litimie. Lupu hiyo ina mtaalamu wake stendi, naye ni konda wa Hiace ya Himo kwenda Marangu. Ukimuuliza gari linaondoka lini, atajibu, “Bado mmoja tu, mama.” Anakaa huyo mmoja, anapiga tena mlango: bado mmoja. Sharti lake ni gari lijae, na maana ya kujaa anayo yeye.

Tofauti hiyo ndiyo sababu ya kuanza na lupu ya kihesabio. Inajulikana itaisha lini kabla haijaanza. Ukiwa mgeni kwenye programu, hilo ni jambo la kushukuru. Ukiwa abiria, ni ndoto.

Hatua ya 8: Lupu ndani ya lupu, au elimu ya juu ya lumbesa

Hapa mwongozo unapunguza mwendo, kwa sababu hapa ndipo pesa ilipo.

Gunia la mahindi kwa desturi ya soko ni debe sita. Ukitaka kuhesabu madebe yote kwenye Fuso, unaweka lupu moja tumboni mwa nyingine:

madebe = 0
for gunia in range(1, 101):
    for debe in range(1, 7):
        madebe = madebe + 1
print(madebe)

Kwa kila gunia moja, lupu ya ndani inazunguka mara sita, kisha lupu ya nje inasogea hatua moja. Mara 100 zidisha mara 6: jibu ni 600. Hakuna uchawi.

Sasa badilisha tarakimu moja tu. Kwenye lupu ya ndani andika range(1, 8). Endesha tena. Jibu ni 700. Rudi uangalie lupu ya nje: magunia ni yaleyale 100. Daftari la karani linasema 100, shemeji anasema 100, stakabadhi inasema 100, na mkulima, aliyeuza kwa gunia, analipwa 100. Debe 100 zimeondoka bila kuandikwa popote, nazo ni magunia 16 kamili na debe nne juu.

Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya Vipimo na Wakala wa Vipimo wanasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, na kila msimu tangazo hutolewa. Soko nalo lina mafundisho yake:

“Mama, ongeza debe la soko.”

“La soko ndiyo lipi tena, mwanangu?”

“Utaratibu, mama. Hata Mwanga ndivyo wanavyofanya.”

Zingatia uzuri wa kitaalamu wa jambo hili. Tangu Hatua ya 1 tumekuwa tukilinda lupu ya nje. Tumenunua kompyuta kwa ajili yake, tumewagombanisha makarani kwa ajili yake, tumemshuku utingo kwa gunia moja. Kumbe lupu ya nje ni nyoofu kama reli. Inaweza kuachwa wazi saa sita mchana mbele ya polisi. Kihesabio huhesabu mizunguko, na hakijui kabisa kilichomo ndani ya kila mzunguko. Ukitaka kumwibia mtu, mwachie ahesabu magunia kwa mkono wake mwenyewe, ahesabu mara mbili, ahesabu na mwanawe wa kidato cha nne. Wewe kaa na tarakimu ya ndani.

Na ile desturi ya Waholanzi ya kutouingiza mwisho inakusaidia kuliko ulivyodhani. Mkulima akipewa programu asome, ataona 7 kwenye gunia halali na kupiga kelele kwamba ni lumbesa. Utamweleza kwa upole, kwa mifano, kwamba namba ya pili huwa haiingizwi, kwa hiyo saba ni sita. Ataona aibu. Wiki inayofuata weka 8, na hatauliza, maana ameshafundishwa kwamba namba hizo si za kusomwa kama zilivyo.

Hatua ya 9: Kutana na asiyejua kuhesabu

Ukitoka na mzigo kuelekea Moshi au Dar es Salaam, kuna mizani pale Njia Panda. Mizani hii ina kasoro kubwa kwa mtu aliyejifunza hatua nane zilizotangulia: haina lupu. Haiulizi magunia mangapi, haina kianzio wala kikomo, haijui debe. Gari linapanda, ekseli zinapimwa, uzito unatoka. Debe sita zikichukuliwa kuwa kilo 100, magunia yako 100 ya debe saba yanakaribia tani 11.7, huku karatasi zako zikisema 10. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari inaweka kikomo kwa kila ekseli, na tani 56 kwa gari kubwa kupita yote pamoja na mzigo wake. Ukizidisha, unalipa.

Lakini usikate tamaa, maana unalipa kwa ajili ya barabara. Tozo ya mizani inahusu lami inayoumia, wala hakuna fungu linalorudi kijijini kwa mama aliyeongeza debe la soko. Katika mlolongo mzima kutoka shambani mpaka Njia Panda, anayedai haki yake dhidi ya uzito uliozidi, na kuipata kwa risiti, ni lami peke yake.

Ukielekea upande wa pili, Holili na Taveta, kuna somo la ziada. Ng'ambo ya mpaka, Kenya, gunia la mahindi huhesabiwa kwa kilo 90. Mzigo halali wa kilo 10,000 ulioondoka Himo ukiwa magunia 100 unakuwa magunia 111 na kilo 10 pembeni. Python inakupa yote mawili: 10000 // 90 ni 111, na 10000 % 90 ni 10. Mahindi hayajaongezeka hata punje. Kilichobadilika ni ukubwa wa mzunguko mmoja. Mfanyabiashara anayejua hilo hununua kwa gunia la huku na kuuza kwa gunia la kule, na hahitaji kompyuta wala mwongozo huu.

Mazoezi

1. Andika lupu inayohesabu magunia 100 kwenda juu, na nyingine inayoyahesabu kwenda chini. Kama mojawapo haikuchapisha chochote, usimwambie tajiri. Soma tena Hatua ya 4.

2. Karani wako ameomba apewe nafasi moja tu ya kurekebisha programu, “nafasi ya mistari tu, bosi, ipendeze.” Eleza kwa nini umekataa. Taja sifuri katika jibu lako.

3. Kwenye programu ya Hatua ya 8, ondoa tarakimu ya lupu ya ndani na uweke mahali pake int(input("Debe: ")) + 1, ili idadi ya debe iandikwe na mkulima mwenyewe kabla gunia halijashonwa. Ni badiliko dogo, na lugha ya Python haina kipingamizi chochote. Ukifanikiwa, liendeshe kwanza nyumbani. Kisha kabla ya kulipeleka Himo, hakikisha umepata Hiace ya kurudi nayo ambayo konda wake ameshaacha kusema bado mmoja.